Narvik, Mlango wa Nyumba ya Jirani

Mkazi wa Narvik akitaka kwenda Oslo kwa treni, hupanda garimoshi linaloelekea mashariki. Chini ya saa moja anakuwa ameshavuka mpaka, yumo Uswidi, na atalala humo safarini kabla ya kuingia tena katika nchi yake kwa upande wa kusini. Reli ya Narvik haijaungana na reli nyingine yoyote ya Norwei. Reli inayotoka kusini inakomea Bodø, na kutoka Bodø mpaka Narvik kuna kilomita zipatazo 300 za barabara: unapanda basi, na basi nalo linapanda kivuko.

Ramani inasema Narvik ni mji wa Norwei. Reli inasema jambo jingine. Mimi naiamini reli, kwa sababu ndiyo iliyouzaa mji huu, na kila jambo kubwa lililoupata, la neema au la msiba, limepita juu ya vyuma vyake.

Mji wenyewe uko nyuzi 68 kaskazini ya ikweta, zaidi ya kilomita 200 ndani ya Mzingo wa Aktiki. Mwezi Juni jua halitui. Desemba halichomozi, na watu huenda kazini na kurudi chini ya taa. Umejengwa mwishoni mwa Ofotfjord, hori refu la karibu kilomita 78 ambalo barafu za kale zililichonga mwambani, na maji yake yana vina vya zaidi ya mita 500. Milima imeizunguka bandari. Visiwa vya Lofoten, huko nje, vinapokea dhoruba kwa niaba yake. Nahodha wa meli kubwa hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Lakini sifa inayotajwa kuliko zote ni kwamba bahari hiyo haigandi. Maji ya uvuguvugu yanayosafiri tangu pande za Amerika husukumwa na pepo za magharibi hadi pwani ya Norwei, kwa hiyo wastani wa joto la Januari hapo Narvik ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, wakati sehemu nyingine nyingi za dunia zilizo katika latitudo hiyo hazikaliki. Upande wa pili wa milima hali ni kinyume. Bandari ya Luleå ya Uswidi iko kusini ya Narvik, na bado maji yake huwa barafu tupu miezi mingi. Ghuba ya Bothnia inapokea mito mingi na imefungika. Chumvi yake ni kama gramu 3 tu kwa kila lita, na ya bahari kuu ni 35. Maji yenye chumvi kidogo huganda upesi. Si suala la kaskazini na kusini, ni suala la chumvi na mkondo.

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoweka nukta: bahari ya uvuguvugu, basi bandari. Sikubaliani nao. Bahari hiyo ilikuwa ya uvuguvugu kwa maelfu ya miaka, na mahali pale palikuwa na mashamba machache, wavuvi, na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, waliopita na makundi yao ya kulungu wa Aktiki. Wao wana jina lao la mahali hapo, Áhkánjárga. Hakuna aliyeona haja ya kujenga gati hata moja kubwa. Jiografia ilikuwa imelala, na aliyeiamsha hakuwa mwanajiografia wala baharia. Alikuwa karani wa mahakama mjini London.

Milima ya Kiruna na Gällivare, Uswidi ya kaskazini, ilijulikana zamani kuwa imejaa chuma. Kasoro yake ilikuwa fosforasi. Chuma chenye fosforasi kikifuliwa huwa kigumu lakini huvunjika kama kigae, kwa hiyo mlima mzima wa mali ulikaa bila mnunuzi. Mwaka 1878 Sidney Gilchrist Thomas, karani huyo aliyekuwa akisoma kemia usiku, pamoja na binamu yake Percy Gilchrist, walionyesha kwamba tanuru likitandikwa ndani mawe ya jamii ya chokaa, fosforasi hunaswa na feleji safi hubaki. Ghafla madini yaliyodharauliwa yakawa ndiyo yanayotafutwa na viwanda vya Ujerumani na Uingereza. Miaka 10 tu baadaye, mwaka 1888, reli ilikuwa imeshatoka Gällivare hadi Luleå. Halafu yakaja majira ya baridi, bandari ikaganda, na kila mtu akageuza macho magharibi.

Kampuni ya Waingereza ndiyo iliyoanza. Ilipanga kuivusha reli milimani mpaka kwenye hori, ikaanza kuchimba, na mji uliotarajiwa ikaupa jina la Victoriahavn, bandari ya Victoria, kwa heshima ya mke wa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uswidi na Norwei. Mwaka 1889 kampuni ikafilisika. Jina la binti mfalme lilibaki kwenye karatasi, na mji ulipoanza kweli ukarudia jina la shamba lililokuwa hapo: Narvik. Hilo nimelipenda. Wakubwa huja na majina yao makubwa, kisha mahali panajiita penyewe.

Mwaka 1898 mabunge ya nchi zote mbili yaliamua kuijenga reli kwa fedha za serikali. Wakati huo Norwei na Uswidi zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Oscar wa Pili, lakini kila moja ilikuwa na serikali yake na kinyongo chake. Maelfu ya vibarua wa reli, ambao kwa lugha zao huitwa rallar, walikuja kutoka kila pembe. Walipasua mwamba kwa nyundo na baruti katika giza la majira ya baridi, wakilala kwenye vibanda vya mbao. Simulizi maarufu kuliko zote ni ya mpishi aliyeitwa Dubu Mweusi, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeusi aliyewapikia vibarua na akafa kijana. Kaburi lake linaonyeshwa Tornehamn, upande wa Uswidi, ingawa ni vigumu kutenganisha mwanamke halisi na yule aliyetungwa na wanaume wapweke. Narvik ikapewa hadhi ya mji mwaka 1902, treni za chuma zikaanza kushuka Novemba mwaka huo huo, na Julai 1903 mfalme akaja kufungua rasmi.

Alifungua reli ya muungano uliobakiwa na miaka miwili ya kuishi. Mwaka 1905 Norwei ilijitenga, na majeshi yakasogezwa mpakani. Hofu hiyo haikuwa ngeni. Wahandisi wa Norwei walipojenga daraja la reli la Norddal, waliacha humo nafasi za kutia baruti ili liweze kulipuliwa vita vikija. Fikiria hali hiyo: unajenga daraja la kukuletea riziki, na papo hapo unaliwekea mahali pa kulivunjia. Vita havikuja. Katika makubaliano ya Karlstad nchi hizo ziliandikiana masharti ya kupitisha mizigo na ya malisho ya kulungu wa Wasami, na treni zikaendelea kushuka kama kwamba hakuna kilichotokea. Tofauti ilikuwa moja tu. Tangu siku hiyo bandari ya majira ya baridi ya Uswidi ikawa katika nchi ya kigeni.

Narvik ikaishi miaka 35 ikipakia chuma. Mali hiyo ilikuwa ya LKAB, kampuni ya Kiswidi ya migodi iliyoanzishwa 1890, ambayo leo yote ni ya serikali ya Uswidi. Mishahara ilikuja, shule zikajengwa, vumbi jeusi likatua kwenye nguo zilizoanikwa. Mwenye mali alikuwa ng'ambo ya mlima na mnunuzi alikuwa ng'ambo ya bahari. Narvik ilikuwa mlango. Na mlango, wezi wakija, ndio wa kwanza kuvunjwa.

Hitler alihitaji chuma cha Uswidi, na wakati wa baridi kilipita Narvik. Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la wanamaji la Uingereza, alilijua hilo na kwa miezi mingi alishinikiza njia hiyo ikatwe. Norwei ilikuwa imejitangaza kutokuwa na upande. Tarehe 8 Aprili 1940 Waingereza walitega mabomu ya majini kwenye mlango wa Vestfjord, njia ya bahari ya kuingilia Narvik, bila ridhaa ya wenyeji. Kesho yake alfajiri, katika theluji inayofumba macho, manowari 10 za Kijerumani za aina ya destroya ziliingia zikiwa na askari wa milimani wapatao 2,000 chini ya Jenerali Eduard Dietl. Ulinzi wa bandari ulikuwa manowari mbili kuukuu, Eidsvold na Norge, zilizoshushwa majini mwaka 1900. Kapteni wa Eidsvold, Odd Isaachsen Willoch, alitakiwa kusalimu amri, akakataa. Meli zote mbili zilipigwa kwa torpedo zikazama, na zaidi ya mabaharia 270 wakafa. Kamanda wa nchi kavu aliutoa mji bila kupigana.

Siku iliyofuata Kapteni Bernard Warburton-Lee aliingia na manowari tano za Kiingereza. Kiongozi wa manowari za Kijerumani, Friedrich Bonte, aliuawa, na Warburton-Lee naye akauawa. Tarehe 13 Waingereza walirudi na meli kubwa Warspite na wenzake tisa, na manowari nane za Kijerumani zilizokuwa zimesalia zikamalizwa; nyingine zilizamishwa na mabaharia wake wenyewe baada ya kuishiwa risasi. Nusu ya manowari za aina hiyo walizokuwa nazo Wajerumani ilikwisha ndani ya hori moja, kwa siku nne. Moja yao, Georg Thiele, ililazwa ufukweni mwishoni mwa Rombaksfjord, na pua yake ya chuma kilichokula kutu bado imechomoza majini. Lile daraja la Norddal? Lilitiwa baruti kweli, na halikuanguka.

Sehemu inayosahaulika ni ya nchi kavu. Wanorwei wa Jenerali Carl Gustav Fleischer, Wafaransa, Wapolandi ambao nchi yao ilikuwa imeshamezwa, na Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa walisonga mbele theluji ikiwa kiunoni, na tarehe 28 Mei waliutwaa tena mji. Ulikuwa mji wa kwanza kunyang'anywa majeshi ya Hitler. Ushindi huo haukufika wiki mbili. Ufaransa ilikuwa inaanguka, wanajeshi wakaitwa nyumbani, na kufikia tarehe 8 Juni walikuwa wamekwisha ondoka. Siku mbili baadaye Norwei ikasalimu amri. Katikati ya hayo, ndege za Kijerumani zilikuwa zimechoma sehemu kubwa ya mji. (Kikosi hicho cha Kigeni, nusu-brigedi ya 13, mwaka uliofuata kilikuwa Eritrea kikiiteka bandari ya Massawa. Kutoka theluji hadi Bahari ya Shamu.)

Na jambo la kuchekesha kwa uchungu: mjadala wa bunge la Uingereza kuhusu kushindwa Norwei, Mei 7 na 8, ulimwangusha waziri mkuu Chamberlain, na aliyepanda kiti ni Churchill, mwanasiasa aliyehusika na kampeni hiyo kuliko mawaziri wengi waliokuwa wamekaa kando yake.

Mwaka 1942 vita vilikuwa na sura nyingine. Wafungwa kutoka Yugoslavia, wengi wao Waserbia, waliletwa katika kambi ya Beisfjord, jirani kabisa na mji, kufanyishwa kazi. Ulinzi ulikuwa wa Wajerumani pamoja na Wanorwei waliojiunga nao. Katikati ya Julai, kwa kisingizio cha kuzuia tifasi, homa inayoenezwa na chawa, zaidi ya wafungwa 280 waliokuwa dhaifu walitengwa wakauawa usiku mmoja, wengine wakichomwa ndani ya vibanda vyao. Usiku huo wa Julai jua lilikuwa karibu halijatua. Norwei hupenda kusimulia vita kwa majina ya mashujaa wa upinzani, na inao wengi. Beisfjord ilichukua muda mrefu zaidi kusimuliwa.

Baada ya vita, chuma tena. Leo treni moja huwa na mabehewa 68, kila behewa limebeba tani 100 hivi, na urefu wa treni nzima ni kama mita 750. Kutoka mpakani hadi baharini reli inateremka zaidi ya mita 500 katika kilomita 43. Injini zikifunga breki huzalisha umeme na kuurudisha kwenye waya, na umeme huo husaidia kupandisha treni tupu zinazorudi. Mlima unalipia sehemu ya safari yake mwenyewe. Sijui reli nyingine ambayo jiografia yake inafanya kazi kwa unyofu namna hiyo: mzigo unashuka, utupu unapanda. Bandarini chuma kinamwagwa kwenye maghala yaliyochimbwa ndani ya mwamba, na lile vumbi la kwenye kamba za nguo limepungua sana.

Sasa, mji uliozoea kuishi kwa kupitisha mali ya wengine hujifunza tabia fulani. Huona kwamba utajiri ni kitu kinachotoka mbali. Sisemi ni kosa la watu wa Narvik. Nasema ni mazoea ya mahali. Mwaka 2007 halmashauri ya Narvik, pamoja na halmashauri nyingine za kaskazini, ilikuwa imekopa kwa kutegemea mapato ya miaka ijayo ya umeme wa maji, na fedha hizo ikaziwekeza, kupitia dalali aliyeitwa Terra Securities, katika dhamana ngumu kueleweka za soko la Marekani. Mikopo ya nyumba ilipoanza kuporomoka Marekani, dhamana hizo zikaanguka nayo. Mamilioni yakayeyuka, dalali akafilisika, na wazee wa Aktiki wakakuta bajeti ya huduma zao inabanwa kwa sababu ya nyumba zisizolipiwa Florida na California. Mali bila daftari huisha bila habari. Na hapa daftari lilikuwapo, ila liliandikwa kwa lugha ya mabenki.

Umeme huo huo umerudi mezani. Norwei ya kaskazini ina maji mengi ya kuzalisha umeme, watu wachache, na nyaya zisizotosha kuupeleka kusini, kwa hiyo bei yake ni ya chini kuliko karibu kokote Ulaya. Julai 2025 ilitangazwa kwamba huko Kvandal, nje ya mji, kitajengwa kituo kikubwa cha data cha akili unde, cha megawati 230 kwa kuanzia, na OpenAI, kampuni ya Marekani iliyotengeneza ChatGPT, ikatajwa kuwa miongoni mwa watumiaji. Wapo wanaosherehekea, na wapo wanaouliza ajira ngapi zitabaki ujenzi ukiisha. Mimi niko upande wa wanaouliza. Chuma kilihitaji wapakiaji, mafundi wa reli, wauza mikate. Kompyuta zinahitaji baridi na waya. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini hawakumwona mgeni asiyekula, asiyelala na asiyetuma mtoto shule.

Jeshi nalo limerudi, safari hii kwa mwaliko. Ufini ilijiunga na NATO mwaka 2023 na Uswidi mwaka 2024. Kabla ya hapo reli ya Narvik iliingia nchi isiyo na upande. Sasa ni njia ya kupeleka mizigo ya washirika kutoka Atlantiki hadi karibu na mpaka wa Urusi. Mwaka 1940 waligombania kinachoshuka. Leo majenerali wanahesabu kinachoweza kupanda. Hesabu yao ina kigingi kimoja: Ufini ina reli ya upana wa Kirusi, milimita 1,524, na Uswidi ina milimita 1,435, kwa hiyo mpakani kila kitu lazima kihamishwe.

Kigingi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, kiko kwenye njia yenyewe. Ni njia moja. Katika sehemu kubwa, treni inayopanda na inayoshuka hupishana stesheni tu. Kiruna, mgodi umeshuka zaidi ya mita 1,300 chini na ardhi inazama, kiasi kwamba mji unahamishwa. Agosti 2025 kanisa lao kuu la mbao lilibebwa zima kwa magurudumu kilomita tano. Mwaka 2023 LKAB ilitangaza kugundua pia akiba kubwa ya madini adimu papo hapo, ambayo Ulaya inaitamani isiitegemee China. Yote hayo yakichimbwa, yatatafuta bahari isiyoganda, na kuna uzi mmoja tu wa chuma wa kuifikia.

Desemba 17 mwaka huo huo wa 2023, treni ya chuma iliacha njia karibu na Vassijaure, upande wa Uswidi, ikaharibu kilomita kadhaa za reli. Marundo ya chuma yakajaa Kiruna na meli zikakosa mzigo. Samaki wa salmoni, ambao kwa kawaida huenda Oslo kwa treni kupitia Uswidi, wakapakiwa kwenye malori. Mafundi walifanya kazi kwenye baridi kali miezi miwili. Februari 2024 reli ikafunguliwa, na siku chache baadaye treni nyingine ya chuma ikaacha njia kwenye reli hiyo hiyo. Narvik, ambayo haikuwa na behewa, mgodi wala fundi katika mkasa huo, ikarudi kungoja.